Chungu Cheusi na Vijiti Saba

Pukuchueni, jamani, mikono isilale. Nawajua ninyi, mkisikia hadithi mahindi mnayakodolea macho kama vile yatajipukuchua yenyewe. Masikio nipeni mimi, mikono ibaki kwenye mahindi. Na anayetaka kucheka acheke, sitamkataza. Ila masikio yangu bado mazima.

Hapo zamani, zamani ya kabla ya bomba, palikuwa na kijiji mlimani. Jina lake silitaji. Wajukuu wao wapo, wengine mnakunywa nao chai, na mimi ugomvi wa uzeeni siutaki.

Kijiji kile kiliishi kwa mfereji mmoja. Ulianzia juu msituni, ukashuka shamba kwa shamba, migomba ya huyu, magimbi ya yule, mpaka shamba la mwisho kabisa chini, la mzee mmoja aitwaye Semvua. Chini ya Semvua hapakuwa na kitu tena ila nyika, jua na miiba, mwendo wa siku mbili mpaka uione nyumba nyingine ya watu.

Walikuwa na miiko yao, na mwiko mkubwa ulikuwa huu: chungu chenye masizi hakichovywi mferejini. Walisema maji yana wivu, yakionja moshi wa jikoni yanaondoka. Kwa hiyo wakubwa kwa wadogo walichota kwa vibuyu. Msiwacheke, na ninyi mnayo yenu.

Na walikuwa na namna yao ya kuamua mashauri. Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu alipofia. Mkeka ulitandikwa katikati ya watu. Mwenye sababu ya kumtia mtu hatiani aliweka kijiti upande wa kulia. Mwenye sababu ya kumtetea aliweka upande wa kushoto. Sababu moja, kijiti kimoja. Mwisho wakahesabu, na penye vingi ndipo penye haki. Walihesabu, jamani. Hawakupima.

Kijiti kimoja tu kilikuwa na nguvu yake ya pekee, nacho ni cha mwenye boma, yaani mkubwa wa nyumba anayotoka mshtakiwa. Huyo akiweka chake kushoto, shauri linasimama hapo hapo, na kesho yake watu wote wanakwenda kuliangalia jambo kwa macho. Lakini ikionekana mwenye boma amekosea, boma lake linakatiwa maji msimu mzima. Ndiyo maana wengi walikiogopa.

Haya. Palikuwa na binti aliyeitwa Nakiete. Kwao ni nyikani, mama yake Namkunda mfinyanzi wa vyungu. Akaolewa mlimani na Kiure, mtoto pekee wa mama mmoja mjane, Nambike. Alipokuja mwali alikuja na chungu kimoja cheusi, kazi ya mikono ya mama yake. Nambike alikipokea mwenyewe, akakigonga kwa ukucha, kikalia vizuri, akasema, "Mama yako ana mkono." Akakipandisha kichagani. Walikionea huruma hata kukipikia, kikakaa huko juu kama mgeni.

Kiure hakuishi. Homa ilimchukua, mkewe akiwa na mimba ya miezi mitano. Watu wakajua sasa Nakiete atarudi kwao. Hakurudi. Alimwambia mama mkwe wake, "Mama, nikienda utabaki na nani?" Akajifungua mtoto wa kike, Nanzia, wakakaa watatu. Wakakaa vizuri, na nalisema hili kwa sababu si kila mkwe na mkwe wanaweza. Walilima pamoja, wakala sahani moja, na mtoto akazoea kulala kwa bibi yake kuliko kwa mama yake.

Ukaja mwaka wa kiangazi. Siku ya pili baada ya gulio, kibuyu cha Nakiete kikapasuka. Nambike yuko shambani, mtoto ana mwaka mmoja, analia kiu. Nakiete akakishusha kile chungu cheusi, akashuka nacho mferejini, akachota. Mzee Semvua alikuwa anapita. Akaona chungu cheusi kinazama majini. Akaona kwa macho yake mawili, akashika kichwa, akaenda zake bila kuuliza.

Siku ya tatu tangu hapo, maji hayakufika kwa Semvua. Siku ya nne yakakatika kwa jirani yake wa juu. Migomba ikainamisha majani. Semvua alikuwa na wajukuu sita ndani wanaomtazama mkononi, kwa hiyo msimwone mtu mbaya bure. Alikwenda kwa Mcharo, yule aliyekuwa anapita nyumba hadi nyumba kuwaita watu kwenye kazi ya mfereji. Akamwambia, "Mkwe wa Nambike amechovya chungu chenye masizi. Nimemwona." Mcharo, miguu yake mnaijua sasa, ilishazoea. Jua halijageuka, nyumba nne za juu zilikuwa nalo neno lile, kila mmoja akilisema kama vile alikuwepo.

Mkeka ukatandikwa.

Akasimama Semvua. "Mimi nasema nilichokiona. Kabla ya chungu, maji yalikuwepo. Baada ya chungu, maji hayapo. Dalili ya mvua ni mawingu. Mnataka niseme nini tena?" Akaweka kijiti kimoja kulia.

Mimi ningekuwepo ningemwambia, mzee wangu, jogoo awike asiwike kutakucha. Linalotangulia silo linaloleta. Lakini sikuwepo, sikuwa nimezaliwa, na waliokuwepo walitikisa vichwa wakasema kweli, kweli.

Akasimama Mcharo. "Mimi sikuona, sitawadanganya. Lakini nimepita nyumba nne, na nyumba zote nne zinasema ni yeye. Nne, jamani! Lisemwalo lipo." Akavunja tawi la mti uliokuwa karibu naye, akatoa vijiti vinne, akaviweka kulia, kimoja kimoja.

Hakuna aliyemuuliza hao wa nyumba nne waliona lini. Walisikia kwa Mcharo. Na Mcharo alisikia kwa Semvua. Jicho moja lile lile, sasa lina vijiti vitano.

Nakiete akasimama na mtoto kiunoni. Akaamkia kwanza, kwa adabu. "Shikamoni baba zangu, shikamoni mama zangu. Chungu kile hakijawahi kukaa jikoni. Kwetu vyungu vyote ni vyeusi. Mama akivitoa motoni huvifunika kwa pumba, moshi unaingia ndani ya udongo, basi, inakuwa ndiyo rangi yake. Hakina masizi. Kileteni mkipanguse kwa kitambaa mwone." Akaweka kijiti chake kushoto.

Hapo akainuka Sekiete. Huyu alikuwa msemaji, ulimi wa asali, watu walikuwa wanaacha kula kumsikiliza. Akacheka kidogo. "Mmemsikia? Amekana. Basi niambieni, tangu mzaliwe mmeona wapi mwenye kosa akakubali? Mwizi hukana. Mwongo hukana. Na huyu naye amekana." Akainama, akakiokota kijiti cha Nakiete upande wa kushoto, akakihamishia kulia.

Watu wakapiga makofi. Haki ya Mungu, walipiga makofi! Angekubali, angekuwa na hatia kwa kukubali. Amekana, amekuwa na hatia kwa kukana. Mlango wa kutokea ulikuwa wapi, maskini ya Mungu?

Sasa akasimama Mbonea.

Ee, Mbonea ngoja niwaambie. Mbonea alikuwa mlevi wa pombe ya miwa, na hakuficha. Kila siku ya gulio alikunywa mpaka jua likamzunguka, halafu akarudi nyumbani akiifuata njia ya mfereji, na kila alipofika kwenye kona moja, ile ile, hajawahi kukosea, alitumbukia. Watoto walikuwa wanakwenda kumsubiri pale. Kuna siku alitumbukia, akakaa majini, akawasalimia: "Hodi wenyewe?" Siku nyingine alimwomba samahani chura.

Haya chekeni, si nimesema ruhusa.

Mbonea akasema, "Jamani, mimi mwenzenu mahali pale napajua kuliko kitanda changu. Nikianguka, siku zote nalowa mpaka kifuani. Gulio lililopita nimeanguka palepale, nikalowa matako tu. Nikashangaa, nikasema leo vipi, mbona nimefika chini haraka? Shuka yangu shahidi. Na gulio lilikuwa siku mbili kabla ya hicho chungu chenu. Maji yalishapungua! Mwende mkaangalie huko juu, mumwache mtoto wa watu." Akaweka kijiti kushoto, kikamponyoka, akakitafuta, akakiweka tena.

Sekiete alishika kiuno. "Kumbe tulikuwa na kipimo cha maji na hatukujua! Mbonea, ndugu yangu, hebu tuambie, leo ni siku gani?"

Mbonea akafikiri. Akatazama juu. Akataja siku, na siku ile haikuwa yenyewe.

Watu wakacheka mpaka wengine wakajilaza chini. Akina mama walifunika nyuso kwa kanga. Sekiete akakichukua kijiti cha Mbonea akakitupa nje ya mkeka. "Mlevi hana kijiti." Wakacheka tena. Mbonea akasimama kidogo, akawatazama, akaondoka kwenda kunywa.

Kulia vijiti sita. Kushoto mkeka mtupu.

Akabaki mmoja wa kungojewa, mwenye boma, Nambike. Alikuwa amesimama nyuma ya mkwe wake, na kwenye kibwebwe chake alikuwa amechomeka kijiti, amekichonga mwenyewe asubuhi ile. Nambike alikuwa na akili, jamani. Aliona yote. Alijua chungu kile hakijaona moto wa jiko lake. Aliona vijiti vinne vya Mcharo vimetoka kwenye tawi moja, na maneno yake manne yametoka kwenye mdomo mmoja. Alijua Mbonea hakujua siku, lakini shuka yake ilijua maji. Aliona kila uzi ulipokatika. Mkono ukaenda kwenye kibwebwe.

Kisha akawaza. Akawaza, nikiweka na nikakosea, tunakatiwa maji wote watatu. Akawaza, watasema namtetea kwa sababu ni wa kwangu. Akawaza, labda hata bila mimi watamhurumia. Mkono ukarudi mahali pake.

Hukumu ikatoka. Chungu kikavunjwa palepale mbele ya watu, kwa jiwe. Na Nakiete akaambiwa kesho asubuhi ashuke kwa njia ya nyikani arudi kwao, yeye na mwanawe, na asibebe maji. Aliyekausha maji haondoki na maji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao.

Asubuhi Mcharo alimpekua mzigo wake, mpaka kanga ya kubadili aliikung'uta. Nambike akambeba mjukuu mpaka mwisho wa shamba la Semvua. Alipomkabidhi mtoto kwa mama yake, ndani ya nguo ya mtoto palikuwa na kibuyu kidogo, cha maji ya mtu mmoja, amekifunga vizuri kisionekane. Nakiete akakigusa, akakijua. Akamtazama mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "mbona hukusema?"

Nambike akamfunika mtoto kichwa kwa kanga. Nakiete akaingia nyikani.

Maji hayakurudi. Siku ya kwanza hayakurudi, siku ya pili hayakurudi. Watu wakaanza kutazamana. Sekiete akasema, "Lazima aligeuka nyuma akatazama mfereji wakati anaondoka," na wengine wakasema ndiyo, hata mimi nilimwona akigeuka. Binadamu! Akishajenga nyumba ya uongo, kila siku anaongeza chumba.

Siku ya saba mzee Semvua alichoka. Akabeba jembe, akapanda mfereji peke yake, shamba kwa shamba, mpaka msituni. Akaukuta mti mkubwa umeanguka. Mizizi imeng'oka na ukingo wa mfereji, imeacha shimo, na maji yote yanaingia shimoni yanapotea. Majani ya mti ule yalikuwa yameshakauka kabisa, na kwenye shina uyoga ulikuwa umeota, ukakua, ukaanza kuoza. Semvua alikuwa mkulima. Alijua mti wa namna ile umelala siku ngapi. Ulianguka kabla ya gulio, kabla ya kibuyu kupasuka, kabla ya chungu. Akakaa juu ya shina akalia kwa sauti, mtu mzima, mwenye wajukuu sita.

Na angeweza kuziba shimo, akashuka kimya, maji yakarudi, watu wakasema mnaona, tulimfukuza na maji yamerudi. Hakufanya hivyo. Alishuka akilia, akasimama njiani akasema, "Tumekosea. Mimi nilianza."

Wakachukua vibuyu wakakimbilia nyikani. Njiani wakakutana na wachuuzi wa chumvi wanapanda. Wachuuzi wakawaambia, msihangaike. Tulimkuta chini ya mti wa miiba, amekaa, ameegemea, amefariki. Mtoto alikuwa hai kifuani kwake. Pembeni kibuyu kidogo, kitupu. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka kwa kukauka, haikugusa maji yale hata tone, na mtoto alikuwa na nguvu ya kulia. Tulimjua kwa sura, mtoto wa Namkunda mfinyanzi. Tumemzika palepale. Mtoto tumempeleka kwa bibi yake huyo.

Maji yalikuwa ya mtu mmoja. Alimpa huyo mmoja.

Haya, pukuchueni. Nani aliyewaambia msimame? Na mimi moto huu moshi wake unaniumiza macho.

Mwezi mmoja ulipopita, Namkunda akapanda mlima, mjukuu mgongoni. Hakupiga kelele. Alisalimia watu, akaomba jambo moja tu. "Naomba vigae vya chungu changu."

Watu wakainamisha nyuso, nani huweka vigae? Nambike akaingia ndani akatoka navyo. Alikuwa amevikusanya siku ile ile, amevifunga kwenye nguo. Namkunda akachukua kitambaa cheupe, akapangusa kigae, akawanyanyulia kitambaa. Kilikuwa cheupe. Akapangusa cha pili, kitambaa cheupe. Kisha akawaonyesha mahali kigae kilipovunjikia. "Masizi hukaa juu," akasema. "Tazameni hapa. Weusi umeingia mpaka ndani ya udongo. Chungu mlikivunja wenyewe, kikafunguka mbele yenu, kikawaonyesha tumbo lake. Hata mmoja hakuinama kutazama?"

Mngejibu nini?

Sasa, kijiji kile kilikuwa na sheria moja iliyobaki, na ilikuwa ya zamani hata wazee walikuwa hawajawahi kuiona. Hukumu ikigeuka na mtu ameshakufa, vijiti vinarudishwa mkekani. Mama wa marehemu anaitwa, anaokota kimoja. Kimoja tu. Na mwenye kijiti hicho anashuka njia ileile ya nyikani, bila maji.

Mkeka ukatandikwa. Vijiti sita vikarudi. Nambike akaja mbele, akatoa kijiti kwenye kibwebwe, kimekauka, akakiweka mkekani. "Na changu," akasema. Vikawa saba. Watu wakasema kwa sheria hakihesabiki, hakikuwekwa siku ile. Namkunda akasema, "Kiacheni."

Akawaambia, "Semeni."

Semvua akasema, "Mama, mimi sikusema uongo. Niliona chungu cheusi, nikasema nimeona chungu cheusi. Niliona maji yamekatika, nikasema yamekatika. Nilichokosea ni kuyafunga pamoja mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali, na nilifunga kwa sababu wajukuu zangu walikuwa wanalia njaa. Na ni mimi niliyepanda juu. Bila mimi mwanao angekuwa bado na hatia mpaka leo. Lakini neno la kwanza lilitoka kwangu. Bila hilo hakuna mkeka. Chukua changu, sitabisha."

Mcharo akasema, "Mimi sikumchukia mtu. Desturi inasema tuhesabu, nikahesabu. Kama desturi ni mbovu, walioianzisha wako makaburini. Mimi nilibeba maneno ya watu kama ninavyobeba siku zote." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila vijiti vinne kati ya sita ni vyangu. Hilo nalijua. Silali."

Sekiete akasema. Na ulimi wake siku ile haukuwa na asali. "Mimi sikumshtaki. Nilikuta ameshtakiwa. Nilicheza na maneno tu, kama mlivyozoea kunisikia nikicheza, na ninyi mlicheka. Asingecheka mtu, Mbonea angemaliza kusema. Je, mwenye kosa ni mchekeshaji au wachekaji?" Akatazama mkeka. Kijiti kilichoitwa chake hakikuwa chake, mnakumbuka. Kilikuwa cha Nakiete mwenyewe, kile alichokihamisha. "Kile nilikitoa mkononi mwake," akasema.

Hapo Mbonea akajitokeza nyuma ya watu. Siku ile hakuwa amekunywa. "Mama, wekeni na changu. Ukweli nilikuwa nao mimi. Ningekuwa mtu wa kusikilizwa ungesikilizwa. Waliponicheka nilipaswa kung'ang'ania, lakini nikaenda kunywa." Namkunda akamwambia, "Kaa chini, mwanangu." Mbonea akakaa chini, akalia kama mtoto.

Akabaki Nambike.

"Mwenzangu," akasema, "hawa wote walikosea kwa kutojua. Mimi nilijua. Semvua alifunga fundo, mimi niliona linavyofungwa. Mcharo alihesabu jicho moja mara tano, mimi niliona. Sekiete alimpiga Mbonea kwa kicheko badala ya kulijibu neno lake, mimi niliona. Chungu nilikipokea kwa mikono hii. Kijiti kimoja tu kingesimamisha kila kitu, na kijiti nilikuwa nacho kiunoni. Niliogopa kukosa maji." Akafuta uso. "Sina la kujitetea. Majuto ni mjukuu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini kibuyu? Kibuyu kilichomwokoa mtoto si cha Nambike?"

Nambike akasema, "Kibuyu nilikitoa kwa kificho. Kijiti nilitakiwa kukitoa hadharani. Usivichanganye."

Namkunda akapiga magoti mbele ya mkeka. Vijiti saba. Mkono wake, wenye udongo kwenye kucha, ukapita juu ya kijiti cha Semvua, ukasimama. Ukapita juu ya vinne vya Mcharo. Ukafika kwenye kile cha mwanawe mwenyewe alichokigeuza Sekiete. Ukaja mpaka kwenye kile kilichokauka.

Na pale mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. Akainua kichwa, akatazama watu, akamwona Nambike. Akamjua. Mwezi mzima hajamwona, na akamjua. Akacheka, akanyoosha mikono miwili, akitaka kuchukuliwa.

Namkunda akafumba macho, mkono ukiwa bado juu ya mkeka.

Mimi naishia hapo. Msiniulize alichukua kipi, maana mkijua mtasema ndiyo haki kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hiyo nayo ni njia ya kipumbavu ya kufikiri. Na msininyooshee mikono nihesabu wangapi wako upande gani. Wingi wenu siutaki. Nataka sababu moja nzima, na mwenye nayo aseme hata akiwa peke yake.

Jambo moja tu kabla hamjafungua midomo. Nilipowaambia Mbonea alimwomba samahani chura, mlicheka. Sawa, niliwaruhusu. Lakini nilipoyataja maneno yake ya mpaka kifuani na matako tu, mlicheka tena, na hapo alikuwa anawaambia ukweli uliokuwa unamwokoa mtu. Nani kati yenu aliacha mahindi akasema ngoja, bibi, huyu mlevi ana hoja? Nilikuwa nasikiliza. Sikumsikia hata mmoja.

Basi niambieni, ninyi mliocheka: mkono ule ukishuka, je, uokote kijiti cha nani?